Profesa kaenda wapi?

Kikundi: UKOO WA BI MKUBWA (WETE NA MJINI)

Ami Hamad: Asalam alaykum. Ile flashi ya picha nani kaitia? Sizoni ya kwanza nimeimaliza, sehemu zote 24. Hii ya pili mbona kama picha nyengine?

Faki: Waalaykum salaam Ami, shikamoo. Mie niliyetia. Ndo Space: 1999 hiyo hiyo.

Ami Hamad: Marahaba. Hiyo hiyo gani! Profesa yuko wapi?

Asha: 😂😂 Profesa tena

Shangazi Zuwena: Mnazungumza nini nyie? Ndo kwanza natoka pwani.

Faki: Picha ya Waingereza Shangazi, ya 1975. Watu 311 wanakaa mwezini, kituo kinaitwa Moonbase Alpha. Taka za nyuklia zilizofukiwa kule zikaripuka, 13 Septemba 1999, mwezi ukatoka njiani ukenda zake na wao juu yake.

Shangazi Zuwena: 1999 nilikuwa nafunga mwani hapa hapa, mwezi ulikuwepo.

Shangazi Zuwena: Na ukiondoka hasa, bamvua itatoka wapi?

Faki: Maji yatavutwa na jua peke yake, na nguvu yake haifiki nusu ya ile ya mwezi.

Shangazi Zuwena: Basi ni maji mafu milele. Vigingi vyangu vikae chini ya maji mwezi mzima!

Asha: Mwezi gani Shangazi, si umeshaondoka 😂

Mbarouk: Na Ramadhani? Sasa hivi upo na kila mwaka tunagombana.

Mbarouk: Samahani kuwakata, nani yuko Chake aninunulie mtungi wa gesi?

Ami Hamad: Mnanitoa kwenye suala langu. Victor Bergman, yule mzee mwenye moyo wa mashine. Sizoni ya kwanza nzima Kamanda Koenig likimshinda jambo huenda kwake. Wanakaa kwenye ukumbi mkubwa ule wenye madirisha, nyota nje, wananong'ona. Kuna siku nimemaliza sehemu nzima sikufahamu kitu, lakini usingizi sikupata, nikatoka barazani kuutazama mwezi. Leo nafungua ya pili, mzee hayupo. Si yeye tu, Paul hayupo, Kano hayupo. Ukumbi hamna, wametiwa chini kwenye chumba kama stoo ya duka. Na hapana hata mmoja aliyeuliza! Mtu mmekaa naye kituo kimoja, kafa au kahama, hata khitma hakusomewa.

Asha: Khitma mwezini Ami 😭

Faki: Ami, alikuwa auliwe. Waliandika kwamba vazi lake la anga lilikuwa bovu, ndo akafa. Maneno yenyewe yakakatwa. Barry Morse aliyekuwa akimcheza alishaondoka.

Ami Hamad: Vazi bovu! Na hilo nalo wakaona zito kulisema?

Faki: Walikuwa wanataka kuuza Marekani. Picha ilikaribia kufungwa baada ya ya kwanza. Sylvia Anderson, mmoja wa wenye picha, aliachana na mumewe Gerry akaondoka. Akaletwa Mmarekani, Fred Freiberger, aliyesimamia Star Trek, picha nyengine ya anga, sizoni ya tatu. Akataka mbio, vichekesho, mapenzi ya wazi, na madude.

Mbarouk: Star Trek si iliishia hiyo hiyo ya tatu?

Faki: Ndo iliishia hapo. Na hii nayo ikaishia ya pili, 48 zote pamoja.

Mbarouk: Basi huyo bwana kazi yake kuzika 😂

Ami Hamad: Madude gani, mtu kavaa busati! Muziki nao unakimbia kama gari la harusi. Wa kwanza ulikuwa na haiba.

Faki: Wa kwanza wa Barry Gray, huu wa Derek Wadsworth. Hata Martin Landau, Koenig mwenyewe, mabadiliko hakuyapenda.

Asha: Nyote mnamsahau Maya. Ile ya kwanza nililala mara tatu, wallahi. Watu wanatembea kama wanasindikiza maiti. Katoka Maya kwenye sayari ya Psychon, anajigeuza mnyama anayemtaka, ndo nikakaa kitako.

Ami Hamad: Jini tu huyo.

Asha: Jini lenye saa Ami! Ikipita saa moja lazima arudi mwili wake. Na ndo mwenye akili kuliko wote pale. Hiyo kazi ya profesa wako anaifanya yeye.

Ami Hamad: Hesabu anafanya. Profesa alikuwa akisema hajui. Koenig anamuuliza, mzee anashika kidevu, anasema hajui, na kamanda anatulia. Huyu wenu anageuka ndege, anapita dirishani, mambo yamekwisha.

Asha: Hilo nakupa Ami.

Shangazi Zuwena: Hamad, watoto wako jana wamekuja kwangu wanaruka barazani, mmoja anasema kageuka kunguru. Kanivunjia kopo la maua.

Ami Hamad: Ndo hiyo sizoni ya pili hiyo. Ya kwanza walikuwa wanalala mapema. Faki, niwekee tena ile ya kwanza, hii nafuta.

Bi Mkubwa: Usifute.

Ami Hamad: Mama, kumbe uko macho?

Bi Mkubwa: Nakungojea huku ndani. Njoo uwashe kabla umeme haujakatika, jana uliniachia yule mwanamke hajageuka.