Skima haitoi povu tangu umeme ukatike, nianzie wapi?

Kitatange wa Mbweni
Asalaam aleykum ndugu zangu. Nna tangi la maji ya bahari la lita 300 hapa nyumbani, na skima, kile chombo kinachotoa taka majini kwa povu mpaka kwenye kikombe chake cha juu, imekaa kwenye tangi la chini. Miezi saba haikunisumbua hata siku moja. Kila siku ya tatu nikimwaga kikombe kimejaa uchafu mweusi unaonuka.

Siku tisa zilizopita umeme ulikatika karibu saa sita nzima. Uliporudi, skima ikafurika, maji meupe yakamwagika mpaka sakafuni. Nikateremsha haraka koki yake, ile inayopandisha na kushusha maji mle ndani. Tangu hapo kikombe kikavu. Viputo vinapanda vikubwa vikubwa, kama maji ya chai yanayochemka, vinapasukia shingoni. Koki nimeizungusha mpaka nimechoka. Kitatange wangu anajificha nyuma ya jiwe, hata nikija na chakula hatoki. Roho inaniuma. Nisaidieni.

Dau la Nungwi
Waaleykum salaam. Kule kufurika kusikutishe. Umeme ukizimika maji ya tangi la juu yanateremka chini, kina kinapanda, basi skima ikiwaka inajikuta imezama kuliko kawaida yake. Sasa hivi kina ni kiasi gani? Nyingi zinataka baina ya sentimita 15 na 20, ila fuata karatasi iliyokuja nayo. Na maji unachota wapi? Masika haya mvua inapunguza chumvi ufukweni, na maji yakipungua chumvi povu linakuwa dhaifu.

Kitatange wa Mbweni
Kina sentimita 18. Chumvi nimepima leo asubuhi, 1.025, kama ya bahari yenyewe. Nachota Chukwani siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa.

Bi Mwani, Paje
Mwanangu, unawalisha nini? Mie nikiwapa vibua vya kusaga, povu linakufa siku ileile. Hata mikono ikiwa na mafuta ya nazi ukaitia majini, basi tena. Taka za protini hujishika kwenye ngozi ya kiputo zikapanda nazo, lakini mafuta yakiwepo viputo vinapasuka kabla ya kufika juu. Wape kamba au ngisi, na uoshe kwanza. Ila yangu hurudi yenyewe baada ya siku moja au mbili. Tisa ni nyingi, pana jambo jengine.

Fundi Pampu, Chake
Bi Mwani kasema kweli, na jambo lenyewe ni hewa. Kaka, viputo vikubwa ndiyo jibu lako. Ile pampu inavuta hewa kwa mpira mwembamba, halafu pangaboi lenye sindano linaikatakata. Hewa ileile ikikatwa ndogo inapata ngozi kubwa zaidi ya kubebea taka, na inakawia majini. Skima nzima ikiwa salama, mle ndani huoni upande wa pili.

Ziba mdomo wa mpira kwa kidole pampu ikiwaka. Usipohisi kuvutwa, mpira umeziba. Umeme ukikatika maji hupanda mpirani, yakikauka yanaacha chumvi. Pitisha maji ya vuguvugu, ya bomba, si ya bahari. Kisha zima umeme, fungua pampu, iroweke kwenye siki na maji, nusu kwa nusu, kwa muda wa saa mbili tatu, sugua kwa mswaki mkuukuu. Hesabu sindano kama hazikuvunjika. Suuza sana.

Na koki irudishe pale ilipokuwa kabla ya umeme kukatika. Umeiteremsha, maji hayafiki shingoni, hata hewa ikirudi povu litaishia njiani. Halafu usiiguse. Ikitoka kusafishwa huchukua siku moja au mbili kutulia.

Kitatange wa Mbweni
Fundi, Mungu akulipe. Kidole hakikuvutwa kabisa. Nikauchomoa mpira nikautazama kwenye mwanga: karibu na mdomo chumvi imeganda nyeupe kama kipande cha chaki, palipobaki wazi hata njiti ya kiberiti haipiti. Pampu nayo nilipoifungua nikakuta kikonokono kidogo kuliko punje ya mchele, kimekwama baina ya sindano. Sindano zote zipo.

Niliiwasha juzi usiku. Mle ndani pakawa peupe kama tui. Leo asubuhi kikombe kina ukoko wa kahawia kiasi cha kidole kimoja, na kitatange kaja mwenyewe kula.

Dau la Nungwi
Alhamdulillah. Sasa ufunge mdomo wa mpira juu kuliko maji ya tangi la juu, ili umeme ukikatika yasipande tena. Na utafute pampu ya hewa ya betri. Skima ndiyo inayotia hewa nyingi majini, ikizima samaki wanabanwa. Sisi wa Unguja tuliokaa kizani bila umeme Desemba 2009 mpaka Machi 2010 hatuiachi nyumba bila betri.

Kitatange wa Mbweni
Mpira nimeshaufunga msumarini juu ya tangi. Betri naifuata Darajani kesho, inshaallah. Bi Mwani, hao ngisi nikate ukubwa gani?

Bi Mwani, Paje
Kama ukucha wa kidole kidogo. Na usitie vingi.