Kanisa limegawanyika pande mbili, mchungaji yuko masomoni, nimeachiwa miye. Nawatulizaje watu?

MzeeWaZamu (Unguja)

Shalom ndugu zangu, naombeni mnisikilize, leo usiku wa tatu silali. Miye ni mzee wa kanisa huku Unguja upande wa mashamba, kanisa letu si kubwa, Jumapili likijaa tunafika watu 120 hivi. Mchungaji kaenda masomoni bara tokea mwezi wa pili, tumebaki miye na mwinjilisti na wazee wenzangu watano, na katika hao watano wawili hawasemezani.

Kisa chenyewe ni mabati. Tumechangishana mwaka mzima kwa ajili ya paa jipya, mabati yakanunuliwa, lakini risiti alizoleta aliyetumwa hazifiki ile pesa iliyotoka. Yeye anasema iliyobaki imelipa gari, wapakizi na mkokoteni, na inawezekana kweli, maana nani huku anakupa risiti ya mkokoteni. Vijana wa kwaya wakahoji kwenye grupu la wasapu, mtu mmoja akawajibu "nyie wa kuja mnaijua historia ya kanisa hili?", basi hapo ndo moto ukawaka. Kwaya yetu karibu yote ni vijana kutoka bara, wafanyakazi wa mahoteli na walimu wa skuli, na upande wa pili ni familia za zamani ambazo babu zao ndo waliobeba mawe ya ukuta ule. Kwaya haijaimba Jumapili mbili. Kina mama nao washagawanyika. Juzi ikazuka habari eti kiwanja kinauzwa, uongo mtupu, lakini sadaka imeshuka na kuna bibi mmoja kaja kwangu analia ananiuliza sasa yeye atazikwa wapi.

Na wote wananipigia simu miye, huyu akikata yule anapiga. Jumapili iliyopita wakati wa matangazo nikapandwa na hasira nikasema palepale mbele "anaetaka kuondoka mlango uko wazi". Nimejuta neno halijatoka mdomoni. Familia mbili hazijaonekana toka siku ile.

Kila mtu ananambia mzee tulia. Kutulia ndo kufanyaje? Nikinyamaza wanasema nimekula nao, nikisema wanasema nachochea. Jumapili ijayo tuna kikao cha kanisa zima baada ya ibada. Aliyepitia haya naomba anisaidie.

kijana_wa_pwani

Pole sana mzee wangu. Miye ningelifunga hilo grupu leo leo, wasapu inavunja makanisa.

MamaWaChake (Pemba)

Usilifunge mwanangu, ukilifunga watafungua la kwao ambalo weye humo. Andika mara moja tu kwamba ya mabati tutayazungumza uso kwa uso Jumapili, humu tuombeane na tupeane habari za wagonjwa na misiba. Halafu usijibu kitu baada ya saa tatu usiku, hata wakuchokoze vipi.

Umeuliza kutulia ni kufanyaje. Miye nikipanda boti Mkoani kuja Unguja, tukifika mkondo wa Nungwi bahari ikichafuka, huwa naona watu hawaitazami bahari tena, wanawatazama mabaharia. Baharia akipita taratibu anagawa vifuko vya kutapikia, anamwambia mama mwenye mtoto njoo ukae hapa chini pana nafuu, watu wanakaa. Akikimbia yeye, boti nzima inasimama, na bahari ni ileile haijabadilika. Sasa weye kanisa zima linakutazama uso.

Kasome Matendo 27 pole pole kabla ya hicho kikao. Ndani ya ile merikebu walikuwa watu 276 na Paulo hakuwa nahodha, alikuwa mfungwa. Wala hakuwadanganya kwamba hakuna hatari, kawaambia merikebu itapotea ila nafsi zenu hazitapotea. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua hakunyamaza ili aonekane mpole, alisema wazi mbele ya askari kwamba hawa wakiondoka nyie hamponi. Na usiku wa 14, watu hawajala siku zote hizo, akatwaa mkate akashukuru akaanza kula mbele yao, ndipo nao wakachangamka wakala. Hapo pa kula napapenda khasa. Hofu inamla mtu mwili, kwa hivyo usiwaite watu saa saba mchana wana njaa, joto limewakaba, ukategemea watasema maneno ya busara. Chai na mandazi kwanza, kikao baadaye.

Jengine, miye nilikuwa Unguja mwaka 2012 makanisa yalipochomwa moto, na Februari 2013 padri alipopigwa risasi akafa. Tulikuwa hatulali. Kiongozi wetu wakati ule hakutwambia msiogope, hata siku moja. Alitwambia ibada itaanza saa ngapi na itakwisha saa ngapi ili tufike majumbani mapema, nani ana zamu ya mlangoni, nani apigiwe simu likitokea jambo, kisha akawa anapita nyumba kwa nyumba jioni, anakaa robo saa, anasali, anakwenda. Mtu akishajua kesho itakwendaje, kifua kinashuka. Tofauti ni kuwa hofu ile ilitoka nje ikatukusanya, hii ya kwenu imetoka ndani, na ya ndani ni ngumu zaidi kwa sababu unayemuogopa umekaa naye benchi moja.

jirani_wa_kisimani

Miye Muislamu, nimeusoma uzi huu nikaona niseme kwa sababu kamati ya mskiti wetu yalitukuta haya haya, sisi ilikuwa pesa za kisima. Tulikuwa na mzee mmoja, ukimpelekea neno la mtu anakuuliza "umeshamwambia mwenyewe?" Ukisema bado, anakwambia haya twende sote sasa hivi, na anavaa viatu kweli. Hazikupita wiki mbili watu wakaacha kumpelekea maneno, wakawa wanakwendeana wenyewe.

Mchungaji_mstaafu

Huyo mzee wa kisimani kafanya kwa hekima yake mambo ambayo sisi tulikuja kufundishwa darasani tukiwa watu wazima. Kulikuwa na daktari wa magonjwa ya akili Marekani, Murray Bowen wa Chuo Kikuu cha Georgetown, alizichunguza familia akaona kwamba watu wawili wakishindwana hawawezi kukaa muda mrefu na lile joto wao wawili peke yao, lazima wamvute wa tatu. Wa tatu akishabeba, wale wawili wanapata nafuu kidogo, na ugomvi wenyewe unabaki palepale haujaguswa. Rabi mmoja aliyejifunza kwake, Edwin Friedman, akaona kwamba sinagogi na makanisa yanakwenda vilevile, ni familia tu ila kubwa, na kwamba kiongozi akiweza kukaa katikati yao bila kuambukizwa hofu yao, taratibu na wao wanaanza kufikiri.

Sasa mzee wangu zihesabu zile simu. Kila anaekupigia akishamaliza yeye analala. Wewe ndie huwezi kulala. Umewabebea wote.

Ila nisieleweke vibaya, sikwambii uzime simu ukae mbali nao. Kuna watu wanajiita watulivu kumbe wamejitenga tu, hawamtembelei mtu, hawamuulizi mtu hali, na kanisa linazidi kuogopa kwa sababu halijui mzee wake yuko wapi. Kaa karibu na pande zote mbili, karibu kabisa, kunywa chai kwao, uliza watoto, lakini usichukue mzigo wa huyu kumpelekea yule. Na ukisimama kikaoni sema la kwako kwa "miye", usianze na "nyinyi". Miye naamini hesabu lazima zisomwe. Miye simfukuzi mtu yeyote. Miye kuanzia leo sipokei neno la mtu asiyekuwepo. Watu hawatakubali yote lakini watajua umesimama wapi, na hiyo peke yake inashusha joto.

Lile neno la mlango uko wazi, anza nalo. Liombee radhi mbele ya wote kama ulivyolisema mbele ya wote, na usitie "lakini". Kabla ya hapo nenda kwa zile familia mbili, wewe na mwinjilisti, wala msiguse habari za mabati, ombeni radhi muondoke.

Na ujitayarishe, ukishaanza kusimama hivi kuna watu watakasirika zaidi, na mara nyingi ni wale waliokuwa wakikupigia sana. Watakutikisa warudishe mzee wao wa zamani. Wengi tunaanguka hapo. Miye nilianguka usharika wangu wa kwanza, nilivumilia mwezi mmoja kisha nikachoka nikaegemea upande mmoja, na nusu ya watu wakahama. Hadi leo nikikutana nao njiani roho inaniuma.

Hazina_mwaminifu

Naheshimu yote yaliyosemwa hapo juu ila nina wasiwasi na kitu kimoja, huu utulivu usije ukawa shuka la kufunikia hesabu. Vijana wameuliza swali la haki. Ukiwaletea sala na chai bila karatasi, watajua wamenyamazishwa.

Mathayo 18 inasema uanze na mhusika mwenyewe, mkiwa wawili. Kwa hiyo kabla ya Jumapili kaa na huyo ndugu aliyenunua, umwambie nini utasema, asije akashtukizwa mbele ya watoto wake. Inawezekana hajaiba hata shilingi, kazembea tu kutunza karatasi, na kumuita mwizi mtu asiye mwizi ni dhambi kubwa pia. Halafu andikeni ukurasa mmoja tu: pesa iliyoingia, iliyotoka, iliyo na risiti, isiyo na risiti. Usipambe. Wachagueni watu watatu pale pale kikaoni, mmoja wa familia za zamani, mmoja wa kwaya, mmoja mama ambaye pande zote zinamuamini, waende dukani wakaombe nakala za risiti na wamtafute mwenye gari. Wape wiki mbili na siku yenyewe muitaje.

Kuanzia sasa sadaka ihesabiwe na watu watatu, wasaini kabla hawajatoka, isomwe Jumapili inayofuata. Na kiwanja, leteni nakala ya hati isomwe kwa sauti, kama iko kwa wadhamini ombeni barua yao. Ila yule bibi anaeuliza atazikwa wapi usimngojeshe hati, nenda kwake leo.

mjukuu_wa_Mbweni

Miye ni katika hao wanaoitwa wenyewe, nimezaliwa hapa, baba kazaliwa hapa, na hilo neno "wa kuja" limenichoma kuliko hata habari za mabati. Bibi zetu wa Mbweni, hapahapa Unguja, walitoka wapi? Ni watumwa waliokombolewa, wamisionari wakawaweka pale, Wayao, Wanyasa, Wanyamwezi, wote wametoka bara tena wamekuja kwa minyororo si kwa boti ya saa tatu. Kanisa la Mkunazini limejengwa pahala palipokuwa soko la watumwa baada ya soko kufungwa 1873. Hatuna Mkristo mwenyeji hapa Zanzibar ambaye ukichimba hukuti safari. Kwa hiyo mzee wangu, hata kama kanisa lenu si la kwetu, mtafute mtu wa familia za zamani aliseme hili, likitoka kwa kijana wa bara litaonekana tusi.

Na muitazame Matendo 6. Ugomvi ule ulikuwa wa mgao, na chini yake ulikuwa wa lugha, wajane wa Wayahudi waliokuwa wakisema Kiyunani wanasahauliwa na wenzao wa Kiebrania. Mitume wakasema chagueni watu saba. Yasomeni majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao, yote ya Kiyunani. Yani kanisa liliwakabidhi meza walewale waliokuwa wakilalamika! Huyo wa kwaya katika wale watatu apewe kazi ya kweli basi, si kuwekwa picha.

MzeeWaZamu

Nimerudi, samahani nimechelewa, Mungu awabariki nyote.

Ijumaa tulikwenda kwa zile familia na mwinjilisti. Ya kwanza walitufungulia tukalia wote. Ya pili baba alitusikiliza amesimama mlangoni akasema atafikiri. Kwa bibi nilikwenda siku ileile mliponambia, nilikaa naye mpaka magharibi.

Jumapili chai ilitangulia. Niliomba radhi bila "lakini", sauti ilinitetemeka ila nilimaliza. Ndugu aliyenunua alisimama mwenyewe akasema nichunguzwe, maana tulishakaa naye Jumamosi. Kuna mmoja alipiga kelele sana kwamba miye nimenunuliwa na kwaya, nikaona mwili unapanda joto kama siku ile, nikanywa maji, nikamwambia nimekusikia, miye sitajibu kwa hasira, tunaendelea na ukurasa. Akatoka nje. Baadae nilimuona kasimama dirishani anasikiliza. Mzee mmoja wa familia za zamani akayasema yale ya Mbweni kwa maneno yake, kanisa lilikaa kimya muda mrefu. Watatu wamechaguliwa. Kwaya haijaimba bado, lakini walikaa mpaka mwisho, na wale wazee wawili walikaa benchi moja japo hawakusemezana.

Simu jana zilikuwa nne. Niliuliza umeshamwambia mwenyewe, wawili walinikatia.

Hazina, swali moja la haraka. Mwenye mkokoteni kapatikana na anakiri kalipwa, ila hajui kuandika. Anaweza kuweka dole gumba?

Hazina_mwaminifu

Anaweza. Mwandikieni kiasi na siku aliyobeba, msomeeni kwa sauti kabla hajaweka dole, mashahidi wawili wasaini pembeni, na mmoja wao awe wa kwaya.