BeagleBone Black: pini zipangwe kwa config-pin au kwa uEnv.txt?

waya_mbili: Wakuu, kwenye BeagleBone Black (kompyuta ndogo ya bodi moja) nataka UART2, yaani poti ya mawasiliano ya waya mbili, kwenye pini P9_21 (kutuma) na P9_22 (kupokea), iwe tayari kila bodi inapowaka bila mtu kuandika chochote. Naona kuna amri ya config-pin ya kuchagua kazi ya pini, na kuna oveleyi (mafaili ya nyongeza yanayopanga pini bodi inapowaka) za /boot/uEnv.txt, faili la mipangilio ya kuwasha bodi. Ipi inafaa?

kerneli_kavu: Kwa majaribio, config-pin:

config-pin P9_21 uart
config-pin P9_22 uart
config-pin -q P9_22

Pini inageuka papo hapo. Ukitumia -l inakutajia kazi zote ambazo pini hiyo inazikubali. Sharti enable_uboot_cape_universal=1 isiwe na alama ya # mbele yake kwenye uEnv.txt. Bodi ikizimwa, mipangilio yote inapotea.

solda60: Hilo linatibika, mkuu. Andika huduma ya systemd (programu ya Linux inayoanzisha huduma) yenye Type=oneshot, yaani ya kufanya kazi mara moja na kuisha, iite amri hizo mbili za kwanza, na Before= itaje huduma ya programu yako. Ukiacha Before=, programu inaweza kuwahi kufungua /dev/ttyS2 (ndiyo UART2) pini zikiwa bado GPIO, yaani pini za matumizi ya jumla. Poti inafunguka bila kosa lolote, ila hakuna herufi inayotoka, na watu huishia kulaumu waya.

kerneli_kavu: Kiraka hicho. Kwa bodi ya kazi:

uboot_overlay_addr4=/lib/firmware/BB-UART2-00A0.dtbo

Fuata mifano iliyomo kwenye faili lenyewe, maana matoleo mengine hutaka jina la faili tu bila njia. Baada ya hapo config-pin P9_21 itakujibu "No such file or directory". Usihangaike, oveleyi imeshaichukua pini.

solda60: Kwa UART nakubali, oveleyi ipo tayari. Ukijiandikia yako, angalia biti 0x20 kwenye thamani ya mipangilio ya pini, inayowasha upande wa kupokea. Ikikosekana, P9_22 ni kiziwi. Hata pini ya saa (mapigo ya kuongoza data) ya SPI, njia nyingine ya mawasiliano, inaihitaji ijapokuwa inatoka nje, kwa sababu chipu husoma saa yake yenyewe kupitia pini hiyohiyo.

ohm_kumi: Na devmem2, amri ya kuandika kumbukumbu moja kwa moja, msiiguse kwa hili. Rejista za pini za AM335x (chipu ya bodi hii) zinaandikwa na kerneli tu. Hupati kosa, lakini ukisoma tena unakuta thamani ileile ya zamani. Waya_mbili, kama kifaa chako ni cha volti 5, weka kigeuza volti kabla ya P9_22. Pini hizo mwisho wake ni 3.3.