Mrejesho: viza ya utalii ya Thailand

Wakuu, niliuliza kuhusu viza ya utalii ya Thailand na makaratasi ya kuingilia Bangkok. Nimefika salama, ahsanteni sana.

Viza niliomba mtandaoni, ikaja kwa barua pepe, nikaichapisha. Fomu ya kuwasili (TDAC) inajazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika, na ni bure. Tovuti ikikudai dola, achana nayo.

La kuzingatia zaidi ni kile kijitabu cha njano cha chanjo. Pale Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, sisi tunaotoka Tanzania tunaanzia dawati la afya, ndipo uhamiaji. Afisa alikagua tarehe ya chanjo ya homa ya manjano, akanigongea muhuri. Chanjeni angalau siku 10 kabla ya safari, na kijitabu msikiweke kwenye begi kubwa.