Tupeane uzoefu: yai la kuvunjia kwenye maji moto bila kutawanyika. Wa Tabora na Kigoma njooni

Mtoto wa Isevya: Mwangaluka wakuu. Mzee wangu kakatazwa mafuta na daktari, na yai la kuchemsha na ganda lake hataki hata kuliona, anasema linamkaba. Nikaona nimvunjie kwenye maji moto kama wanavyofanya hotelini, jeupe nje, kiini laini ndani. Nina jiko la mkaa na sufuria ya kawaida. Asubuhi hii nimepata sufuria ya povu, kiini kinaogelea peke yake. Kuna duka hapa mjini wanauza vikombe vya silikoni vya kazi hiyo. Ninunue, au kuna ujanja? Yaliyowakuta semeni, hata ya aibu.

Mama Wawili Kanyenye: Hilo povu nalijua. Pole.

Dogo wa Kibirizi: Siki, kijiko kimoja kwenye maji. Ute unashikana haraka. Mada ifungwe.

Mwanga Sokoni: Siki inaacha harufu, mzee atadhani kaletewa kachumbari. Kamua ndimu.

Dogo wa Kibirizi: Ndimu nayo si asidi? Tofauti iko wapi?

Mwanga Sokoni: Iko mdomoni.

Fundi Jiko Ujiji: Mada imenigusa pabaya. Niliwahi kuwa msaidizi wa jikoni kwenye nyumba ya wageni Kigoma, jina tuliache. Kulikuwa na wageni wa kwenda Gombe kuangalia sokwe, boti inaondoka asubuhi na mapema, na usiku wameagiza mayai hayo hayo kwa meza nzima. Mpishi hakutokea. Umeme hakuna. Niko mimi, jiko la mkaa, na trei la mayai yaliyokaa stoo tangu enzi, maana bosi alikuwa mtu wa kununua vilivyobaki.

Nikachemsha maji mpaka yanaruka, nikavunja la kwanza kutoka juu. Ute ukaenda huku, kiini kule. La pili vilevile. Nikajiambia moto hautoshi, nikaongeza mkaa! Sufuria ikafurika, povu likazima nusu ya jiko, majivu yakatua kwenye mkate. Bosi yuko mlangoni anauliza "Tayari?" kwa sauti ya mtu ambaye moyoni ameshakukata mshahara.

Pale getini kulikuwa na mama anauza chai na chapati. Kasikia kelele, kaingia bila hodi. Akaitazama sufuria, akaniuliza, "Mwanangu, unapika au unafua?" Akamtuma binti yake nyumbani akalete mayai ya kuku wao, ya jana yake. Akapunguza makaa, akasubiri maji yatulie mpaka vibaki viputo vidogo vya chini. Kila yai akalivunjia kwanza kwenye kikombe cha chai, akashusha kikombe mpaka mdomo unagusa maji, akalimwaga taratibu. Mawili mawili. Akafunika, akaanza kunihadithia bei ya mawese ilivyopanda. Alipofunua, yamejikunja vizuri, kiini kinatikisika ndani. Akayaopoa kwa kijiko cha matundu, akayalaza kwenye kitambaa yachuje maji. Wageni wakala, wakaenda zao. Binti yake ndiye alipeleka sahani mezani.

Shangazi wa Cheyo: Haya, binti. Endelea.

Fundi Jiko Ujiji: Binti kaingiaje hapa? Mada mayai.

Stesheni Tabora: Mkuu, bosi humtaki hata jina, wageni hujui walikuwa wangapi, ila sahani unakumbuka nani alizibeba.

Fundi Jiko Ujiji: Ni mama watoto wangu. Mmefurahi? Turudi kwenye mada.

Shangazi wa Cheyo: NILIJUA! Mahari ulitoa ngapi?

Ticha Urambo: Niwarudishe darasani kidogo. Yai likikaa, hewa ya kaboni dayoksaidi inatoka kupitia vitundu vya ganda na ute mzito unageuka majimaji. Huo wa majimaji ndio unaokuwa povu. Kwa hiyo livunjie kwanza kwenye chujio la chai, majimaji yapite, kinachobaki ndio upike. Na maji yasitokote. Ute unaanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi, kiini kwenye 65 hadi 70, sasa ya nini kuyarusha?

Dogo wa Kibirizi: Ndiyo maana Tabora mnashindwa, mko mlimani, maji yenu hayachemki vizuri.

Ticha Urambo: Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ziwa lenu liko kama mita 770, mnapata 97. Huo ndio mlima unaonitambia?

Dogo wa Kibirizi: Moja ni moja, mwalimu.

Bibi Katonga: Mnajitesa. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mawese, mchuzi ukiiva vunjia mayai humo humo, funika. Halitawanyiki ng'o.

Mama Wawili Kanyenye: Bibi, mzee wa watu kakatazwa mafuta!

Bibi Katonga: Mawese ni dawa.

Mama Wawili Kanyenye: Tumekwisha.

Chef Mtaani: Njia rahisi: mfuko wa nailoni, vunja yai ndani, funga fundo, tumbukiza.

Stesheni Tabora: Mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku Juni 2019? Utaupata wapi?

Chef Mtaani: Ya kufungia vyakula kiwandani iliruhusiwa.

Stesheni Tabora: Iliruhusiwa kufungia, nani kakwambia kuchemshia? Kula mwenyewe na nailoni yako.

Nesi wa Zamu: Mleta mada, huyo ni mzee na ana daktari. Kiini kibichi kinaweza kubeba salmonela, na kuku kuwa wa kienyeji si kinga. Kwake acha kiini kigande kabisa, ongeza dakika. Laini kaleni ninyi vijana.

Mtoto wa Isevya: Asante dada, hilo sikuliwaza. Na vikombe?

Mwanga Sokoni: Ninavyo. Vinaelea juu ya maji, yai linaiva kwa mvuke. Umbo zuri, lakini usipopaka mafuta linang'ang'ania. Wewe unakimbia mafuta, au vipi?

Mama Wawili Kanyenye: Mimi natumia upawa. Nauzamisha kwenye maji yai likiwa ndani, linashika, naliachia. Usiwe na haraka tu.

Chef Mtaani: Mwenye maikrowevu aweke yai kwenye kikombe cha maji.

Ticha Urambo: Na atoboe kiini kwanza, la sivyo litalipuka. Jaribu mayai yenyewe pia: linalolala chini ya maji ni jipya, linalosimama limezeeka, linaloelea tupa.

Shangazi wa Cheyo: Fundi Jiko, muulize shemeji yetu, siki au ndimu?

Fundi Jiko Ujiji: Nimemuuliza. Anasema yai la jana halihitaji siki wala ndimu, mnapoteza hela.

Mwanga Sokoni: Muulize na trei anauza bei gani.