Umeme umekatika, samaki wanahema juu ya maji

Wakuu naomba msaada, umeme umekatika tangu jioni, tangi langu la lita 100 pampu imezima na sasa samaki wote wamepanda juu wanahema haraka haraka, nawapenda sana hawa sijui nianze na nini

— Hapo wanakosa oksijeni ndugu, usisubiri. Toa mfuniko, chukua jagi safi chota maji ya humo humo tangini uyamwage kutoka juu kidogo, rudia dakika kadhaa upumzike, wakipanda tena unaanza upya. Chakula usiwape kabisa, samaki mzima anakaa siku kadhaa bila kula ila akila anachafua maji na filta (chujio la maji) imelala.

— Naongezea hapo kwa filta maana wengine wanapoteza samaki umeme UKISHARUDI. Bakteria wazuri wa kwenye sponji ya filta, wale wanaosafisha uchafu wa samaki, wanataka maji yenye oksijeni yapite muda wote, yakisimama masaa mengi wanaanza kufa na yale maji ya ndani ya filta yanaharibika, kwa hiyo usiwashe hivi hivi. Mwaga ya ndani, suuza sponji kwa maji ya tangi siyo ya bomba yenye klorini, ndo uwashe.

— Asanteni sana jamani, nimemwaga na jagi kama robo saa wameshuka. Na baridi je?

— Zungushia blanketi pembeni, juu acha hewa ipite. Halafu tafuta pampu ya hewa ya betri ukae nayo ndani, hiyo ndo muhimu kuliko zote