Maskara isiyoingia maji au ya kawaida? Zote zinanichafua, nisaidieni kuchagua

KopeFupi
Habari zenu wadau. Niko njia panda. Nimeweka maskara (rangi ya kupaka kope) mbili kwenye kikapu cha mtandaoni na lazima nilipie moja kabla ya kesho usiku, maana Jumamosi ya wiki ijayo ni harusi ya dada yangu na mimi ndiye msimamizi. Moja ni isiyoingia maji. Nyingine ni ya kawaida ila wameandika inakaa siku nzima. Shida yangu ni kuchafuka: hata saa mbili hazipiti, weusi umeshatapakaa. Nichukue ipi?

Subira_na_Kioo
Dada, hapo hujatupa cha kushika. Weusi unatua wapi, juu ya jicho au chini? Unachafuka ukiwa bado unapaka, au baadaye? Ngozi yako ina mafuta? Unapaka nini kuzunguka macho kabla ya maskara? Haya ni magonjwa tofauti, dawa yake haiwezi kuwa moja.

Mwajuma_W
Chukua isiyoingia maji, usijiulize mara mbili. Harusini utalia. Mimi nimelia kwenye harusi nne na sijachafuka hata chembe.

MpambajiMaharusi
Mwajuma, machozi ni maji, kweli isiyoingia maji inayahimili. Lakini wengi hawachafuliwi na machozi, wanachafuliwa na mafuta. Maskara ya kawaida ni maji, nta na rangi. Isiyoingia maji ina nta na viyeyusho vinavyopeperuka haraka, vikishaondoka inabaki tabaka ambalo maji hayaligusi. Mafuta yanaligusa. Ndiyo maana hata kuitoa tunatumia mafuta. Sasa mtu mwenye ngozi ya mafuta, au aliyepaka krimu nzito ya macho asubuhi, anaiyeyusha mwenyewe bila kujua.
Kuna aina ya tatu ambayo hamjaitaja: ile ya polima, inayouvika kila ukope kama kimfuko chembamba. Mafuta hayaiyeyushi, inatoka kwa maji ya uvuguvugu na kubonyeza taratibu, inadondoka vipande vipande. Kwa ngozi ya mafuta mimi sihangaiki na nyingine.

KopeFupi
Samahani. Weusi unatokea chini ya macho zaidi, mchana. Juu pia, ila hiyo ni wakati napaka, nikipepesa tu imeshagusa. Ngozi ina mafuta ndiyo. Napaka krimu ya macho na ya kukinga jua, halafu konsila (krimu ya kufunika weusi na madoa).

Subira_na_Kioo
Basi una shida mbili. Ya chini ni mafuta: acha krimu iingie dakika kumi, konsila ishike, kisha poda nyepesi chini ya jicho. Kope za chini achana nazo kabisa siku hiyo. Ya juu ni mkono na rangi nyingi. Futa ncha ya brashi kwenye tishu kabla ya kupaka, pale ncha ndipo rangi inapojikusanya. Shika kioo chini ya kidevu utazame chini, ngozi ya juu itakaa mbali na kope. Anzia kwenye shina, tikisa brashi kushoto kulia kidogo, kisha ivute juu. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nene.
Na ikigusa ngozi, USIFUTE ikiwa mbichi. Hapo ndipo watu wengi wanaharibu. Ngoja ikauke kabisa, halafu izungushe kwa pamba ya masikio iliyo kavu. Inabanduka yenyewe na poda yako inabaki salama.

Rehema.K
Naomba niseme kuhusu isiyoingia maji, kwa sababu mnaipendekeza kama haina madhara. Nilikuwa naipaka kila siku kazini karibu mwaka mzima. Jioni nimechoka, naosha uso kwa sabuni, haitoki, nasugua kwa taulo. Siku nyingine nalala nayo. Nikaanza kuona kope tatu nne kwenye taulo, nikajiambia ni kawaida. Mwezi mmoja baadaye kope za jicho la kushoto zilikuwa na pengo katikati, unaliona ukisimama mbele yangu. Kisha ngozi ikavimba kwenye shina la kope, inawasha, asubuhi macho yamegandana. Daktari aliniambia vinyweleo na vijitundu vya mafuta pale vimeziba na kuvimba. Wiki kadhaa za kukanda kwa kitambaa cha uvuguvugu, kusafisha kope asubuhi na jioni, hakuna kipodozi chochote machoni. Kope zilirudi, lakini niliogopa sana, sikutaka hata kupiga picha.
Kwa harusi ya siku moja sawa. Ila nunua na kitoa vipodozi chenye mafuta siku hiyohiyo. Loweka pamba, iweke juu ya jicho ulilolifumba, hesabu mpaka thelathini, telezesha chini. Usisugue.

Mwajuma_W
Pole sana Rehema. Lakini kosa hapo ni kulala nayo, siyo maskara.

Rehema.K
Kama kitu kinahitaji nguvu kutoka, uchovu utakufanya ukose tu. Hiyo ni sehemu ya kitu chenyewe.

BrashiNyembamba
Mnabishana rangi, mimi nasema brashi. Brashi nene kwenye kope fupi lazima iguse ngozi. Tafuta nyembamba ya plastiki yenye meno mafupi.

Zainabu_T
Mimi ya kwangu ikiwa nzito naongeza tone la maji, inapaka vizuri tu.

MpambajiMaharusi
Zainabu, tafadhali acha. Maji ya bomba yanaharibu dawa ya kuhifadhi iliyomo, vijidudu vinapata makao, na unavipeleka machoni. Ikiwa nzito imeisha muda. Miezi mitatu tangu kuifungua, sita ikizidi sana, tupa. Pia msisukume brashi ndani na nje ya kichupa, mnaingiza hewa na inakauka upesi. Izungushe tu.

Zainabu_T
Miezi mitatu? Yangu ina mwaka na sijaumwa.

Rehema.K
Na mimi nilikuwa sijaumwa, mpaka nilipoumwa.

Kioo_Kidogo
@KopeFupi unavaa lenzi za macho? Hakuna aliyeuliza.

KopeFupi
Ndiyo, kila siku. Inahusiana?

Kioo_Kidogo
Sana! Lenzi zinavaliwa kabla ya kupaka, na zinatolewa kabla ya kufuta. Kitoa vipodozi chenye mafuta kikifika kwenye lenzi utaona ukungu. Hata zile maskara zenye nyuzi za kurefusha usiziguse, nyuzi zinaingia machoni.

MpambajiMaharusi
Hilo lingekuwa sentensi ya kwanza kabisa. Polima, dada. Niko tayari kurudia mara kumi.

Mwajuma_W
Na akilia? Maji ya uvuguvugu si ndiyo yanaitoa? Machozi yana joto.

MpambajiMaharusi
Machozi machache hayatoshi, inahitaji kuloweka na kubonyeza. Tatizo ni akiyasugua. Akunje tishu, anyonye chozi kwenye kona kabla halijashuka.

KopeFupi
Nimepata ya polima kwa rafiki yangu, mpya haijafunguliwa. Leo nimepaka hiyo jicho la kulia, ya kawaida la kushoto, poda pande zote. Saa sita zimepita. Kushoto kuna kivuli kidogo, kulia hakuna. Ila ya kulia haijazipa kope unene, zinaonekana nyembamba na mimi nataka zionekane kwenye picha.

BrashiNyembamba
Zikunje kwanza kwa kibano cha kope. Kabla ya maskara, siyo baada, zitakatika.

Mwajuma_W
Unene utaupata kwenye isiyoingia maji. Nimemaliza.

Subira_na_Kioo
Jaribu tabaka la pili kwenye mashina tu, kabla la kwanza halijakauka kabisa. Ya polima ikishakauka haipokei vizuri.

Halima_M
Samahani kuingilia, mimi navaa miwani na kope zinagusa kioo, kila nikipepesa naacha vistari. Hii ya polima inafaa, au nisizikunje?